Doa la Shati la Mdakaji

Watu wengi wakitaka kumjua mchezaji wa besiboli humtazama mikono. Fiordaliza Berroa alimtazama magoti ya suruali. Alifua nguo za klabu yetu ya Santa Rosalía tangu usichana wake, mama yake alipopatwa na maradhi ya mgongo na kumwachia karai, mpaka kiwanda cha sukari kilipofungwa na klabu ikafa nacho. Muda wote huo sidhani kama aliwahi kukaa uwanjani akatazama mchezo hadi mwisho. Hakuwa na haja. Nguo zikifika uani kwake alizisoma. Huyu ameteleza kuingia kituo cha pili, maana udongo ule mwekundu uko kule tu. Huyu amechuchumaa mchana kutwa nyuma ya mpigaji, ndiye mdakaji. Na huyu suruali yake imerudi nyeupe kama ilivyoondoka, basi amekula mshahara wa bure. Palikuwa na kijana mmoja wa mikogo aliyekuwa akijipaka udongo kwa mkono kabla ya kuvua, ili Fiora, ndivyo tunavyomwita, asimseme. Fiora alijua. Alimrudishia suruali imekunjwa vizuri, na kipande cha sabuni mfukoni.

Namsema kwa sababu nampenda. Mimi naitwa Nurys. Nauza kahawa na maandazi bapa pembeni ya mlango wa nyumba ya kumbukumbu, na nyumba yangu na ya Fiora zimetenganishwa na ukuta unaopitisha hata kikohozi.

Hiyo nyumba ya kumbukumbu ilikuwa ofisi ambamo wakata miwa walipokea ujira wao. Klabu ilipokufa, vitu vyake vilitawanyika kila mahali, vingine chini ya vitanda vya watu, mpaka ikaundwa kamati chini ya Wakili Ozuna, mtu anayependa kupigwa picha kuliko kula. Kamati ikakusanya: picha za wachezaji wa ligi ya majira ya baridi tangu enzi za babu zetu, vikombe, magongo yaliyopasuka, glavu zilizokauka, kanda za matangazo ya redio, magazeti, na sare. Akatafutwa mtu wa kuvitunza kwa malipo ambayo mtu mwenye akili zake angeyacheka. Fiora hakucheka. Alihamia mle na pasi yake. Mwanzoni alikuwa akiyapiga pasi hata magazeti ya zamani ili yanyooke, mpaka bwana mmoja kutoka maktaba ya mji mkuu alipomwomba, akikaribia kulia, aache.

Lakini tusidanganyane. Watu hawakuja kutazama magongo. Walikuja kutazama shati.

Lilikuwa shati la Mingo Laureano, mdakaji, namba tisa mgongoni. Lilitundikwa peke yake kwenye kabati la kioo, na begani, likishuka kuelekea kifuani, lilikuwa na doa la kahawia pana kuliko kiganja. Hadithi yake kila mtoto wa Santa Rosalía anaijua. Ile Januari tulipocheza na timu ya mji mkuu, mrushaji wetu alikuwa Ercilio, mdogo wake Mingo, wa tumbo moja. Katika duru ya nane mpira ukapigwa ukarudi kama risasi, ukampata juu ya sikio. Akaanguka. Akasimama. Akaendelea kurusha mpaka akamtoa mpigaji wa mwisho, tukashinda, na uwanja mzima ukaingia kichaa. Mingo alivua kinga ya kifua akamkimbilia, na Ercilio akamlalia begani. Watu walidhani wanakumbatiana kwa furaha. Damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Alfajiri akafa hospitalini.

Miaka mingi baadaye mama yao, Bi Leocadia, alilileta shati lile kwa mikono yake, limefungwa ndani ya foronya. Alimtaka Fiora aweke mkono juu ya picha ya Bikira wa Altagracia aape kwamba hatalifua kamwe. Fiora akaapa. Sote tulisema huo ndio upendo wa mama: hataki hata tone la mwanawe lipotee. Wanawake walilia. Mimi pia nililia, na mimi si mwepesi.

Tangu hapo, kila Januari, siku ile ile, Mingo huja kutoka La Romana anakokaa na binti yake. Katika timu ile yeye tu ndiye aliyebaki hai. Huingia, huvua kofia, huketi mbele ya kioo na kofia juu ya magoti, hatikisiki karibu nusu ya asubuhi, kisha huondoka. Hali wala hanywi. Kahawa yangu hajawahi kuionja, na mimi jambo hilo nililichukulia kuwa ni tusi. Siku hiyo Fiora hujipaka manukato nyuma ya masikio. Nikimtania, hunijibu kwamba anajipaka kwa ajili ya mbu. Lakini siku moja aliniambia bila mzaha: "Asipokuja Mingo, mimi namlindia nani nguo hizi? Wengine wote wamekufa. Wanaokuja hawamjui hata mmoja wao."

Sasa nieleze balaa lilivyoingia.

Jumamosi moja ya Januari, siku chache kabla ya ile siku yenyewe, mvua ilipiga usivyodhani, na bati la nyumba ya kumbukumbu likafunguka upande wa sare. Wakili Ozuna alikuwa ameahidi bati jipya tangu uchaguzi uliopita, na labda ahadi ile ingekinga mvua kama ingeandikwa kwenye bati. Fiora alikimbia mle ndani na mvua ile, akazoa sare zote kwa mikumbo, akazipakia kwenye pikipiki ya abiria mpaka kwake. Kila mwaka alizitoa sare kuzifua na kuzianika kabla ya Mingo kuja, lakini shati namba tisa alilibeba peke yake, ndani ya foronya yake, na fundo juu. Safari hii foronya ilikuwa imelowa chapachapa. Alihofia uvundo, akalitoa shati nje. Halafu mtu wa pikipiki akampigia honi kwamba anangoja nauli yake, Fiora akavishika vyote kwa pamoja, na vyote vikaingia kwenye karai lenye maji baridi na chumvi, kama alivyoloweka maisha yake yote.

Jumapili alasiri alifua. Palikuwa na mchezo redioni, mchezo mkali, na yeye akiwa uani anasikiliza huku mikono ikienda. Macho yake yameingia ukungu, daktari amemwambia ni mtoto wa jicho, na miwani huivua akifua kwa sababu ya povu. Haikumsumbua. Kufua anafua kwa vidole. Kidole gumba kikakutana na doa gumu begani pa shati fulani, nacho kikafanya kazi yake bila kumuuliza mwenyewe. Akakamulia chungwa chungu. Akasugua. Akaanika juani, akarudi akalowanisha, akasugua tena. Mimi nilimsikia upande wa pili wa ukuta akiimba, na nilijua kwa nini anaimba: mfuaji akiona doa kongwe linalegea, furaha yake hana wa kumgawia. Akatia bluu ya kung'arisha nguo. Akatia wanga wa muhogo. Alipolitundika kambani, mkono wake ukapita juu ya namba mgongoni, na kidole kikafuata mshono wa ile tisa.

Kuimba kukakatika. Nikasikia karai likianguka.

Nilimkuta ameketi chini kwenye maji ya sabuni, miguu mbele kama mtoto mchanga, analitazama lile shati likipepea. Lilikuwa jeupe. Ninakwambia jeupe, Mungu anisamehe, zuri ajabu. Pale begani ungekaza macho ungeona labda umanjano kidogo, wa aina anayokuwa nayo mtu yeyote akizeeka.

"Nimemfua Ercilio," akaniambia. "Nurys, nimemfua nikammwaga kwenye migomba."

Nilimwinua. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamkamua pindo la gauni.

Kuanzia hapo hakulala na wala hakukaa. Wali aliupika ukaungua, na sisemi ukoko, ule tunaougombania sufuriani, nasema makaa. Kahawa aliitia chumvi. Kila pikipiki iliyopita barabarani alidhani ni Wakili Ozuna anakuja kukagua, naye Wakili hajawahi kukagua chochote kisichokuwa na kamera. Nilimchemshia majani ya kutuliza mishipa, akayanywa bakuli zima, kisha akatoka kufagia uani gizani. Alinijia alfajiri kuniuliza kama kiapo juu ya Bikira kinavunjika ikiwa mtu amekosea. Nikamwambia amuulize padri. Akasema padri ni shabiki wa timu ya mji mkuu, hawezi kumweleza jambo kama hilo.

Kwenda jela hakukuogopa. Wala kufukuzwa, ingawa vile vijisenti ndivyo vilivyomnunulia dawa. Hofu yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka mimi nikaisikia usingizini: Mingo ataingia, ataona hakuna kitu, atavaa kofia yake, na hatarudi tena. Mtu mzima wa umri ule anakuja na basi kutoka La Romana kwa ajili ya doa. Ukimwondolea doa umembakizia nini?

Jumatatu alipiga simu kwa binti yake Mingo aseme nyumba imefungwa kwa sababu ya mvua. Mingo mwenyewe akapokea. Fiora akasikia ile sauti ikisema "haloo," akakata. Kisha akakaa na simu mapajani akiitazama kana kwamba imemng'ata.

"Kuku ninaye," nikamwambia.

"Kuku wa nini?"

"Damu ni damu. Nani ataionja?"

"Nurys, wewe utaungua motoni."

"Tutaungua wawili, shoga. Angalau tutapiga soga."

Alinifukuza na ufagio. Lakini siku mbili hazikupita. Jumatano mchana, siku ya mwisho, nikiwa nakaanga maandazi, nikamwona amesimama mlangoni kwangu na lile shati mikononi, limepigwa pasi, limekunjwa. Hakuingia. Akasema akitazama pembeni, "Yule kuku bado yupo?"

Nilimchinja haraka kabla hajabadili mawazo. Damu nikaikinga kwenye kikombe cha kahawa, nikatia majani ya chai kidogo ili iwe na rangi ya ukale, maana nikifanya dhambi naifanya vizuri. Tukalitandaza shati mezani kwake. Tukaweka picha ya zamani ya lile shati kando ili tujue doa lilianzia wapi na liliishia wapi. Akavaa miwani. Akachukua burashi yake ya kola, akaichovya, akaileta juu ya bega la shati.

Mkono ukasimama hapo. Niliona tone likijikusanya kwenye ncha ya burashi, likivimba, likianza kushuka, na kabla halijaanguka Fiora alitia kiganja chake kingine chini yake, likamdondokea mkononi, likachuruzika mpaka kwenye aproni. Aliinuka mbio akaenda kulowanisha ile aproni kwenye maji baridi. Hapo hapo. Sikuamini macho yangu.

"Fiora, shati ndilo la kuchafua, si kuokoa aproni."

"Siwezi," akasema, na mgongo amenigeuzia, anasugua. "Mkono wangu haujui kuchafua. Nilijaribu kuulazimisha, haujui."

"Basi nipe mimi."

"Wewe ukigusa hilo shati nitakuvunja vidole."

Tukakaa. Yule kuku tukampika na wali, kwa sababu kosa halimfufui kuku. Fiora alikula vijiko viwili akasema kesho atamwambia Mingo mwenyewe, kwa kinywa chake, na litakalokuwa na liwe. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akanijibu kwamba anajua hilo vizuri kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyeyamwaga kwenye migomba.

Alhamisi ikafika. Hakujipaka manukato. Alivaa gauni lake jeusi la mazishi, akalitundika shati kwenye kabati la kioo kama kawaida, akasimama kando yake mikono imeshikana mbele. Mimi niliacha mafuta yangu motoni nikasimama mlangoni.

Mpango wa Fiora ulikuwa kumwambia Mingo wakiwa wawili, kabla mtu mwingine hajaja. Lakini basi la La Romana lilichelewa, na Wakili Ozuna, ambaye hajawahi kuwahi popote, siku hiyo akawahi. Alikuja na shada la maua, mpiga picha wa gazeti, na watu wa kamati. Na nyuma yao, akishuka kwenye pikipiki kwa shida, kofia mkononi tayari, Mingo. Wakaingia pamoja. Fiora alifungua kinywa, na Wakili akawa tayari mbele ya kioo anajirekebisha tai kwa ajili ya picha. Akageuka kuonyesha kwa mkono, kama alivyofanya kila mwaka.

Mkono ukabaki hewani. "Damu iko wapi?"

Mpiga picha akateremsha kamera.

"Nauliza, damu iko wapi?"

"Nimeifua," akasema Fiora. Hakumwambia Wakili. Alikuwa akimtazama Mingo. "Kaka Mingo, nimeifua mimi. Sikukusudia. Vidole vyangu vilikutana nayo, na mimi sikuwa natazama. Niliapa mbele ya mama yako na nimevunja kiapo. Sina la kujitetea."

Wakili Ozuna alikuwa nalo la kusema, tena mengi. Alisema lile lilikuwa tunu ya taifa. Alisema watu watakuja kutazama nini sasa, shati la dukani? Alisema mwanamke mmoja na sabuni yake ameua kwa alasiri moja kile ambacho wakati wenyewe haukuweza kukiua. Alisema vizuri, sikatai, alisomea hayo. Fiora alisimama akipokea kila neno, machozi yakimshuka, hakuyafuta.

Mingo hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amesogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Litoe nje."

Fiora alifungua kabati. Vitasa vilimshinda, nikaenda kumsaidia. Mingo akaketi kwenye kiti chake cha kila mwaka, na Fiora akamlaza lile shati juu ya magoti. Yule mzee akapitisha mkono begani pa shati, mara moja, mara ya pili, vile vidole vya mdakaji vilivyopinda kila kimoja na njia yake. Akaliinua akalinusa.

"Umetia bluu," akasema.

"Nimetia."

"Lilitoka kwa shida?"

"Lilinibishia, kaka."

Wakili akaanza tena, na Mingo akamwambia anyamaze, kwa adabu, kama unavyomwambia mtoto wa mtu mwingine. Ndipo aliposema. Sijui kama alikuwa anatuambia sisi au anaiambia ile nguo.

"Mpira ulipompiga, kocha alikuja katikati ya uwanja kumtoa. Ercilio alikuwa hasemi sawasawa. Kocha akaniuliza mimi, wewe ni kaka yake, unamjua, anaweza kuendelea? Nikasema anaweza. Nilitaka kushinda. Nikamwambia kocha, anaweza." Akalinyoosha bega la shati kwa kiganja. "Tulipomzika nilimpelekea mama hili shati alifue. Akanikatalia. Akasema litakaa hivi hivi, na kila mwaka siku hii utalitazama, mpaka nawe ufe, ili usisahau ni nani aliyesema anaweza. Nikamwapia."

Miaka yote hiyo sisi tukilia kwa upendo wa mama. Watoto wa shule wakipangwa mstari mbele ya kile kioo. Na yule mzee akija na basi kutumikia kifungo.

"Mama alikufa bila kulitengua neno lake," Mingo akaendelea. "Kila mwaka nikipanda basi namwomba Mungu nikute limefifia. Kidogo tu. Na kila mwaka nalikuta kama jana, maana wewe, Fiora, ulilitunza vizuri mno."

Fiora akaweka mkono mdomoni.

Mingo akalia. Alilia kama wanavyolia wanaume wa umri ule, bila ufundi, pua na vyote, na akajifutia lile shati, kisha akagutuka akamwomba Fiora radhi kwa kulichafua. Fiora akamwambia ajifute tu, litafuliwa. Wakili Ozuna akaangalia saa yake, akaangalia shada lake, akaliweka juu ya kiti akatoka na watu wake. Alitishia kumfukuza kazi Fiora, barua ingekuja. Haikuja, kwa sababu hakumpata mwingine wa kukubali malipo yale.

Alipotoka nje Mingo alisimama mbele ya karai langu la mafuta. Akaniuliza kahawa ni kiasi gani. Nikamwambia kwake yeye ni bure, nimeingoja miaka mingi mno kuanza kumdai leo. Akanywa mbili. Akala andazi, akasema lina chumvi nyingi. Nikamwambia chumvi ni ya mkononi mwa Fiora, alinisaidia kukanda asubuhi na akili hana. Akacheka, na Fiora akacheka mlangoni na uso wake umevimba.

Shati lilirudi kwenye kioo. Watu walipungua, hilo ni kweli, Wakili hakukosea. Wachache waliokuja waliuliza habari ya damu, na Fiora akawaambia alivyoifua, na wengine wakaondoka wamekasirika. Baadhi yao wakaanza kutazama magongo.

Januari iliyofuata, siku ile, Fiora alifungua milango mapema. Alikuwa amelifua shati tena, amelinyoosha, na manukato hayo niliyasikia kupitia ukutani. Alichukua kiti cha Mingo akakifuta. Alinunua na biskuti. Basi la asubuhi la La Romana likapita, akatoka mpaka barabarani. Basi la saa sita likapita. Nilimwona akitoka na kurudi, akitoka na kurudi, na mtu wa umri ule asipotokea unajua unachofikiria kwanza.

"Piga simu," nikamwambia.

"Nikipiga na wakaniambia?"

Nikaichukua simu nikapiga mwenyewe. Binti yake akapokea. Nikamuuliza habari za mzee. Akanijibu kwamba mzee ni mzima kabisa, ameenda mtoni na wajukuu tangu asubuhi, wamebeba chakula. Yeye mwenyewe alimkumbusha leo ni siku gani. Mzee akamjibu kwamba anaijua siku, alikwishamwombea Ercilio kanisani, lakini kule Santa Rosalía hakuna kitu cha kutazama tena.

Nilikata simu nikamweleza Fiora vile vile, neno kwa neno, kwa sababu sikujua namna ya kulipunguza.

Aliingia ndani akakirudisha kiti cha Mingo ukutani. Akasimama mbele ya kioo na mikono kiunoni, akalikagua lile bega la shati kama anavyokagua nguo ya mteja kabla ya kuikunja, miwani juu, miwani chini. Kilichokuwa kimemkosesha usingizi Januari iliyotangulia kilikuwa kimetokea: Mingo hakuja. Nilijitayarisha kumshika.

"Basi," akasema, "doa lilitoka lote."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akaja kuketi kwenye benchi langu, akafungua zile biskuti, tukazila.